Kuanzia Boksi Kuja Huku

Tumbo lililokuwa linauma lilikuwa ng'ambo ya bahari, juu ya kitanda cha hospitali, lakini aliyesema "linanichoma hapa upande wa kulia" alikuwa mwanamke mzima wa afya, amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, miguu peku, chai inapoa pembeni. Ndiyo kazi yake. Mgonjwa anasema Kiswahili na daktari hakijui. Daktari anasema lugha yake na mgonjwa haijui. Katikati yao, mbali na wote wawili, yupo mkalimani huyu anayewaona kwenye skrini ya kompyuta na kubeba maneno ya mmoja kumpelekea mwingine. Sheria za kazi ni chache na hazina mchezo. Husemi "mgonjwa anasema anaumwa", unasema "naumwa". Huongezi neno, hupunguzi neno. Mtu akilia humtangazii daktari kwamba analia, kwa sababu daktari naye ana macho.

Mwanzoni jirani wa ukuta wa pili alidhani binti wa watu amerukwa na akili. Alikuwa anakosha vyombo vyake kwa amani akamsikia akisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Nitakupasua Jumatatu asubuhi, kwa hiyo usile kitu." Na chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Jirani akajitanda khanga, akaja mlangoni kumuuliza mama mtu, kwa heshima zote, kama kuna haja ya kumpeleka mtoto mahali akaangaliwe. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akakusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani, akavishona tabaka juu ya tabaka, akapata pazia zito kama godoro, akalitundika kwenye ukuta ule. Tangu siku hiyo siri za wagonjwa hazikutoka nje tena, na jirani akabaki na redio yake.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Alipata jina kwa sababu ya namna alivyokunja nguo chini: ungeweza kuigeuza suruali ndani nje, ukaipeleka juani, usione sindano ilipita wapi. Watu wenye pesa zao walivuka mafundi wengine njiani kumfuata yeye. Aliyemwuliza siri yake alijibiwa kwamba mshono mzuri ni kama mgeni mwenye adabu, ameshaingia na kukaa hujamsikia.

Waajiri wa mkalimani hawakutaka intaneti ya hewani, inayokuja na kwenda kama upepo. Walitaka ya waya. Kwa hiyo waya ulishuka kutoka nguzo ya mtaani, ukaingia chumba cha mbele ambacho ndicho karakana ya Mama Pindo, ukaishia kwenye boksi dogo jeusi lenye vitaa. Kutoka kwenye boksi ulitoka waya mwingine mrefu, wa kijivu, ukatambaa chini ya ukuta, ukapita ukingoni mwa mkeka ambao Mama Pindo alikatia vitambaa, ukafuata korido mpaka kwenye kompyuta. Chumba cha mbele chenyewe kisingefaa kwa kazi ile. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mchomelea vyuma, na alipowasha mashine yake hata mawazo yako mwenyewe hukuyasikia.

Ni jambo la kustaajabisha, ukilifikiria, na mkalimani hakuwahi kulizoea. Mzee anakohoa nchi ya mbali. Kikohozi kinapita chini ya bahari pamoja na samaki wake wote, kinapanda nchi kavu, kinashuka nguzo, kinaingia kwa Mama Pindo, kinapita kimya kando ya chaki na mkasi, kinafika masikioni mwa mtu kikiwa bado kimebana kifua. Kuna siku, kabla ya kuvaa hedifoni, aliugusa waya ule kwa kidole, akashangaa kuukuta baridi.

Halafu ukaanza kusuasua.

*

Siku ya kwanza alikatiwa akiwa na mzee mmoja wa kidole kilichooza kwa kisukari. Daktari alikuwa ameuliza kuhusu dawa, na mzee akavuta pumzi ya mtu aliyeamua kusema ukweli. "Daktari, ile dawa ya usiku, mimi nikiimeza huwa…" Picha ikaganda. Mzee akabaki kwenye skrini mdomo wazi, mkono hewani, na kile alichotaka kusema kikapotelea njiani. Laini iliporudi, mzee alikuwa ameshapewa mkalimani mwingine. Ilivyo kazi hii, hukutani na mtu mara ya pili. Hakuja kujua dawa ile ikimezwa huwa inafanya nini, na swali hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Baada ya hapo mambo yakawa shaghalabaghala. Asubuhi intaneti ilitembea kizee, adhuhuri ikachechemea, alasiri ikalala. Mara inakaa sawa mpaka unaanza kushukuru, mara inakatika katikati ya sentensi. Wagonjwa wakawa wanarudia maneno yao kwa mtu asiyewasikia, na hakuna unyonge kama wa mgonjwa anayerudia kwa sauti kubwa kwamba mkojo wake una damu.

Msimamizi wake alikuwa na adabu za watu wa mbali, na adabu hizo zilichoma kuliko matusi. Alimpigia akamuuliza habari za nyumbani, akamsifia Kiswahili chake, kisha akamweleza kwamba hospitali zimelalamika. Alhamisi mchana atakaa naye kwenye simu akisikiliza. Ikipita salama, kazi itaendelea. Ikikatika hata mara moja, itabidi waagane, na asichukulie vibaya.

"Tunakupenda," alisema msimamizi. "Lakini mtu anayekaribia kupasuliwa hawezi kusubiri intaneti yako."

Mkalimani alivua hedifoni akakaa akiangalia pazia la vipande. Kazi hii aliitafuta kwa jasho, akafanya mitihani ya majina ya mifupa na mishipa mpaka akaota maini. Ndiyo iliyokuwa inaendesha nyumba, maana Mama Pindo siku hizi alikuwa anapokea kazi chache. Alisema watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Na zaidi ya hayo, alipokuwa kwenye kile kiti alijisikia anatumiwa na kitu kikubwa kuliko yeye. Aliogopa kukipoteza kuliko alivyoogopa njaa.

*

Alianza pale wanapoanza wote. Alipiga simu ya huduma kwa wateja, akasikiliza muziki mrefu, kisha sauti ikamwambia azime boksi, asubiri kidogo, aliwashe. Akazima, akasubiri, akawasha. Kesho yake alipiga tena, sauti nyingine ikamwambia vilevile, na alipoeleza kwamba ameshafanya hivyo akaulizwa kama alisubiri kweli, kama vile kusubiri kuna ufundi wake.

Kisha akaja Mjomba Spana. Huyu alikuwa mdogo wake Mama Pindo, na hakuna kitu kilichoharibika katika ukoo ule ambacho hakukifungua. Kuvifunga ndiko kulikomshinda. Aliifungua kompyuta akaipiga brashi, likatoka vumbi la kupandia mchicha. Akapanda juu ya bati kuikagua nguzo, akashuka na habari kwamba kuna ndege amejenga pale. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, adui ni jirani anaiba intaneti, akamwangalia jirani wa watu kwa jicho baya siku nzima. Jirani hakuwa hata na simu ya kutelezesha kidole.

Mkalimani mwenyewe aliupitia waya. Aliinama akaufuata kwa macho kutoka kwenye kompyuta, korido nzima, mpaka ukingoni mwa mkeka, mpaka kwenye boksi. Haukuwa na mchubuko, haukung'atwa na panya. Alipokuwa ameinama pale karibu na mkeka, Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

"Umeona kitu?" aliuliza.

"Mzima kabisa, Mama."

Mama Pindo akashusha pumzi, akarudisha miguu kwenye pedali. Alijua kitu, ila hakujua kama alichokijua ndicho chenye makosa, na kati ya kusema na kunyamaza akachagua kuendelea kushona.

Jumatano kampuni ikamleta fundi wake, kijana mwenye shati lenye nembo na viatu vya vumbi alivyovipitisha juu ya mkeka bila kuuliza. Alichomeka kijikompyuta chake kwenye boksi kwa waya mfupi wa mkononi, akatazama namba, akatabasamu. Kisha akauliza kama nyumba ina mwanaume amweleze. Mjomba Spana akajitokeza, akaelezwa, akatikisa kichwa kila mahali panapotikiswa, na hakuelewa hata neno.

"Mimi ndiye ninayeitumia," alisema mkalimani.

"Sawa, dada. Intaneti inafika hapa yote, haijapungua hata tone. Kazi yetu inaishia kwenye boksi." Alikunja waya wake. "Kuanzia boksi kuja huku ni mambo yenu ya ndani."

Akamshauri anunue kompyuta ya kisasa, akaondoka, nyayo zake zikabaki kwenye mkeka. Mama Pindo alichukua ufagio akafagia, lakini akafagia pembeni ya nyayo, zenyewe akaziacha. Binti yake aliona akadhani ni hasira.

*

Maneno yale ya dharau ndiyo yaliyomsaidia. Alhamisi asubuhi aliamka nayo kichwani: inafika kwenye boksi yote. Alimwita Mjomba Spana na nguvu zake, wakaibeba kompyuta na skrini mpaka chumba cha mbele, wakaiweka juu ya meza ya pasi. Akatafuta ule waya mfupi uliokuja na boksi, uliokuwa umefungia sanduku la viatu, akaunganisha. Picha zikafunguka kabla kidole hakijanyanyuka. Mjomba akapiga makofi kama kwamba yeye ndiye aliyefanya. Wakairudisha chumba cha nyuma, wakaunganisha ule mrefu, intaneti ikarudi kuchechemea.

Basi si kompyuta, si boksi, si ndege. Ni waya. Mjomba alitumwa mjini mbio akalete mwingine, urefu ule ule, akaoneshwa na kile kichwa cha plastiki cha kuchomekea, usije ukamchanganya. Alisema mwanangu, mimi nyaya nimeanza kuzijua kabla hujazaliwa.

Alipoondoka, mkalimani alipiga magoti ukingoni mwa mkeka. Safari hii hakuangalia. Alifumba macho akauacha waya upite kati ya vidole vyake, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kisigino. Plastiki, plastiki, plastiki. Karibu na mguu wa cherehani ikawa laini. Alifumbua macho: waya ni ule ule, kijivu kile kile. Akafumba, ikawa laini tena. Akausogeza dirishani kadiri ulivyofika, akaugeuzageuza kwenye mwanga, na hata hapo ilimchukua muda kuelewa anachokiona. Kilikuwa kitambaa. Kipande cha kijivu cha suruali ya shule kilichovishwa waya kama soksi, kimebana, hakina mwanzo wala mwisho. Alitafuta mshono, hakuuona. Na katika mtaa ule, pengine katika mji ule, mshono usioonekana ulikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama Pindo alikaa ameweka mikono mapajani.

"Niliukata," alisema. "Siku ile uliyokwenda sokoni. Nilikuwa nakata yale mapazia mazito ya ukumbi, nimeyatandaza chini yote. Mkasi ukauma kitu kigumu. Nikaona nitakupa presha bure, nikauunga. Kitaa kikawaka kijani kama mwanzo. Nikajua nimepatia."

Kwa wembe mdogo mkalimani alitafuta njia ya kuingia kwenye kitambaa, na alipoipata alijisikia vibaya kuikata. Ndani palikuwa na kitu ambacho mtu aliyesomea nyaya angekiita upuuzi, na mtu mwenye macho ya haki angekivulia kofia. Waya ule ndani yake una nyaya nane, nyembamba kama mbavu za dagaa: nne za rangi tupu na nne nyeupe zenye mstari mwembamba wa rangi. Zote nane zilikuwa zimemenywa, zikasokotwa ncha kwa ncha, na kila kiungo kimezungushwa uzi uliopakwa nta, raundi juu ya raundi, umekaza, hakuna ulipopishana. Tena kila kiungo kilipewa uzi wa rangi yake: chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani. Maelfu ya sauti za wagonjwa zilikuwa zimepita juu ya uzi wa kushonea, nyingine zimeanguka, lakini nyingine zimefika. Binti aliyashika yale mafundo kiganjani, akayageuza moja moja.

Kisha akaona. Rangi tupu zote zilikuwa sahihi. Lakini ile nyeupe yenye mstari wa buluu ilikuwa imeungwa na nyeupe yenye mstari wa kahawia, na ya kahawia imeungwa na ya buluu. Nyaya zile hutembea mbili mbili, kila moja na mwenzake. Ukiwabadilishia wenza, boksi na kompyuta zinasalimiana vizuri, zinakubaliana kukimbia, na zikianza tu zinajikwaa, zinasimama, zinasalimiana upya. Ndiyo ile ganda na achia, ganda na achia, iliyommeza mzee wa kisukari.

"Hizi mbili umezichanganya, Mama."

"Taa ilikuwa hafifu."

Ilikuwa mchana siku ile aliyokwenda sokoni, jua la utosi, na dirisha la Mama Pindo ni pana kwa ajili ya kazi. Mkalimani alilijua hilo. Alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu mlangoni alikuwa ameingia Mjomba Spana anatweta, amebeba bunda la waya mnene mweusi wa antena ya televisheni. Muuza duka alimhakikishia kwamba huu una nguvu zaidi. Saa ya msimamizi ilikuwa karibu kugonga.

*

"Tutauunga sisi," alisema mkalimani.

Walikaa kwenye mkeka, mama na binti, magoti yakigusana. Mjomba aliambiwa akazuie wateja mlangoni na asifungue chochote. Binti alikata viungo viwili vyenye makosa akamenya ncha mpya. Akanyoosha mkono kwenye sanduku la nyuzi kuchukua rola ya buluu, na kidole chake kikakuta mchirizo kwenye ukingo wa rola. Akachukua ya kahawia: michirizo miwili. Ya kijani ilikuwa na mchirizo wa kukingama. Akazigusa moja moja, sanduku zima. Kila rola ya uzi ilikuwa imechongwa alama yake kwa ncha ya mkasi, na alama nyingine zilikuwa za zamani, zimeshalainika kwa kushikwa. Hazikuwa kazi za juzi.

Alimtazama mama yake. Mama Pindo alikuwa ameelekeza uso dirishani, kama mtu anayesikiliza.

"Nipe moja moja," alisema mama. "Uniambie ipi."

"Hii nyeupe ya buluu, Mama. Na hii ndiyo mwenzake."

Vidole vya Mama Pindo vilizipokea. Binti alikuwa amevitazama vidole vile maisha yake yote na hakuwahi kuvitazama. Havikuhangaika. Kimoja kilikuja kikapima, cha pili kikashika, na ncha mbili nyembamba kuliko sindano zikakutana hewani bila kutafutana. Akazisokota, akapitisha uzi kwenye nta, akauzungusha, huku uso wake umetulia dirishani na macho yake hayako kwenye kazi hata kidogo. Mkono ule ulikuwa unaona. Ulikuwa unaona peke yake, na pengine ulianza zamani, nguo baada ya nguo, huku mtaa mzima ukisifia pindo. Mkalimani hakujua kama alie au asujudu.

"Inayofuata," alisema Mama Pindo.

"Nyeupe ya kahawia."

Kwenye boksi kitaa kiliwaka, kikatulia. Hapakuwa na muda wa kushona kitambaa juu yake. Viungo vilibaki wazi kwenye mkeka, na Mama Pindo akavichukua akaviweka kiganjani mwake, akafunika kwa kiganja cha pili.

"Nenda," alisema. "Mimi nitavishika visikanyagwe."

*

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, amevishwa kofia ya karatasi, nyuma yake watu waliovaa kijani wanapita. Walikuwa wanasubiri kumlaza usingizi wampasue. Msimamizi alikuwa kwenye kijidirisha pembeni ya skrini, kimya, kalamu mkononi. Daktari wa usingizi alieleza habari za mpira wa hewa na sindano, mkalimani akazipeleka. Mgonjwa alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo za mtu ambaye hasikii tena. Kisha akageuza uso kutoka kwa daktari, akaitazama skrini, akamtazama mkalimani mwenyewe kana kwamba wako kwenye chumba kimoja.

"Nitaamka?"

"Nitaamka?" mkalimani aliuliza kwa lugha ya daktari, na sauti yake ikatoka na hofu ile ile, maana hukubaliwi kuipunguza.

Hapo ndipo siku zote zilizopita picha ingeganda. Kwenye skrini daktari alikuwa ameinama, na kwa muda mfupi hakutikisika, na mkalimani akajua yameisha. Lakini daktari hakuwa ameganda. Alikuwa anavuta kiti. Akakaa, akashika mkono wa mgonjwa, akasema. Maneno yake yakaja yote, laini, hakuna lililodondoka baharini.

"Nitakaa hapa kichwani kwako muda wote," mkalimani alisema kwa Kiswahili. "Sitatoka. Ukifumbua macho, mtu wa kwanza utakayemwona ni mimi."

Mgonjwa alilegeza mabega. Akasema haya, twende basi. Kitanda kikasukumwa nje ya picha, na msimamizi akaweka kalamu chini. Alimshukuru, akasema hakuna la kuongeza, wataonana wiki ijayo na kuendelea.

Mkalimani alibaki amekaa. Swali la mwanamke yule lilikuwa limevuka bahari kwenda na jibu lake kurudi, na safari zote mbili yalikuwa yamepita ndani ya mikono ya mama yake.

*

Alimkuta pale pale kwenye mkeka. Hakuwa amebadilisha hata mguu. Viganja vilikuwa vimefumbatana juu ya waya kama mtu aliyeshika kifaranga, na Mjomba Spana mlangoni alikuwa bado amewazuia wateja ambao hawakuwapo.

"Bado unaongea nao?"

"Tumemaliza, Mama. Ilitulia mpaka mwisho."

"Naweza kuuachia?"

"Achia."

Mama Pindo alifungua mikono, akaikunja na kuikunjua vidole vipate damu. Akauliza mgonjwa wa leo alikuwa na nini. Binti akamwambia haruhusiwi kusema, ya mgonjwa ni siri.

"Hata kwa mama yako?"

"Hata kwako."

Ng'ambo ya barabara mchomelea vyuma aliwasha mashine yake, akaizima. Mjomba, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua kwamba kuna kitu hakitakiwi kufunguliwa na yeye, alitoka nje akasimama barazani.

"Watu wakijua hawataleta nguo," Mama Pindo alisema. "Nani atampa kitambaa chake fundi wa namna hiyo?"

"Kesho nitakupeleka hospitali ya macho."

"Unipeleke. Lakini mbele ya daktari useme wewe."

"Daktari wa hapa anajua Kiswahili, Mama."

"Kiswahili anajua. Ni mimi maneno hayatoki. Nimeyaweka muda mrefu."

Binti alisogea. Hakukaa mbele yake. Alikaa kando, nyuma kidogo ya bega, mahali anapokaa mkalimani hospitalini ili daktari na mgonjwa watazamane wao. Mbele yao palikuwa na cherehani tu na dirisha lenye mwanga mwingi.

"Basi tujaribu hapa," alisema. "Sema kidogo kidogo. Mimi nitafuata. Sitaongeza, sitapunguza."

Mama Pindo alilamba midomo kama anayetaka kutunga uzi kwenye tundu la sindano.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema.

"Mimi ni fundi cherehani."

"Uzi siuoni. Tangu mwaka juzi."

"Uzi siuoni. Tangu mwaka juzi."

"Sura yako naijua kwa sauti."

Hapo mkalimani alikawia. Sheria ilimtaka aseme, na alikuwa amekwisha kusema mambo mazito kuliko hayo kwa niaba ya wageni.

"Sura yako," alisema, "naijua kwa sauti."

Mama Pindo alitafuta mkono wake kwenye mkeka. Haukuwa mbali, na aliupata mara moja, bila kupapasa.

"Naogopa," alisema.

"Naogopa," alisema binti yake, na hakuongeza neno.